Roma na Nusu Mbili za Mkoba wa Baba

Kaka yangu mpendwa,

Barua hii haina salamu ndefu za afya na mvua. Afya yako naipata kwa Mama: ananiambia unakula, unalala, na simu yangu ikiita unatoka uani kama mtu aliyeitwa na jirani. Mwezi wa nne huu tangu uondoke Guangzhou. Nimepiga, nimeandika ujumbe, nimepitia hadi kwa shemeji, wapi. Basi nimeona nikuandikie, tena waziwazi. Nakala moja anakuletea Bi Rehema, yule muuza vitenge wa Ngamiani, anayesafiri kesho. Nyingine naibandika ukutani kwenye mgahawa wetu wa Dengfeng, juu ya meza ya chupa za chai, mahali ambapo kila Mtanzania, Mkenya na Mkongo wa mtaa huu lazima apite. Ulilolisema ulilisemea pale, mbele ya watu. Na mimi nililolinyamazia nililinyamazia pale pale.

Nianze na Baba, maana bila Baba hatutaelewana. Unakumbuka Jumapili zetu za Chumbageni, kule Tanga? Wali ukishapakuliwa, samaki akishagawanywa, Baba alifuta miwani yake akauliza swali lile lile aliloliuliza darasani maisha yake yote: Roma ilianguka kwa nini? Watoto wa wenzetu waliulizwa kama wamefua sare. Sisi tuliulizwa habari za Warumi. Na alama alitoa hapo hapo mezani, juu ya kumi. Wewe jibu lako lilikuwa moja tangu ukiwa darasa la tano: maadui. Makabila ya kaskazini yalivuka mto, yakavunja, yakapora. Baba anasema sita. Mimi nikajifanya mjanja, nikasema kikulacho ki nguoni mwako.

"Hiyo ni methali, siyo jibu," akaniambia. "Tano. Endeleeni kula."

Tulivyokua tukaongeza maneno. Wewe ukaleta habari za wanajeshi waliomuua mfalme huyu na kumweka yule aliyewaahidi zaidi. Mimi nikaleta tauni, na kodi iliyowakimbiza wakulima kutoka mashambani, na jinsi walivyoigawa dola yao mashariki na magharibi hadi upande mmoja ukaweza kumtazama mwenzake akiungua. Alama hazikupita saba. Siku moja ukamkabili, ukamwambia kama yeye analo jibu la kumi atupe tupumzike. Alicheka mpaka akakohoa, akasema siku akilipata atastaafu. Basi akastaafu bila kutuambia kitu, na miaka miwili baadaye akatangulia mbele ya haki.

Wewe ukarithi mkoba wake. Mimi nilipewa miwani na kamusi, na sikuona wivu, kwa sababu mkoba ule ulikuwa wa mtu mwenye mabega. Ngozi nene ya ng'ombe, rangi ya kahawa, bizimu mbili za shaba, na mbele doa la wino mwekundu pale kalamu yake ya kusahihishia ilipovuja. Yaliingia humo madaftari ya darasa zima, na juu yake samaki wa Mama amefungwa gazetini. Masika ngapi zilipita, mkoba upo.

Nilipopata ufadhili wa kuja kusoma Guangzhou, wewe ulikuwa huku mwaka wa tatu, unatuma simu na saa nyumbani. Ulinipokea uwanja wa ndege ukicheka. Watu wanakuja China kusomea udaktari na madaraja, ulisema, wewe umekuja kusomea Warumi. Si ungebaki mezani kwa Baba? Lakini mwaka wangu wa kwanza wa Kichina ulipoisha, mzaha uliisha pia. Ukaanza kunichukua madukani, kwenye maonesho ya biashara ya Pazhou, kila mahali. Ulikuwa ukinitambulisha kwa watu wa Dengfeng: huyu mdogo wangu, ndiye ulimi wangu. Nilifurahi, sikufichi. Nilijiona mtu mkubwa sana mjini.

Siku ile ya kwanza ya Shiling, mji wa mafundi wa mikoba, nadhani ndiyo siku niliyokupenda kuliko zote. Tulikwenda kwa basi, mkoba wa Baba umeupakata kama mtoto mchanga. Karakana ya Laoban Liang ilikuwa ndogo, vyerehani kumi na viwili, mkewe anapaka gundi huku anasikiliza redio. Ukamwambia, kupitia mdomo wangu, unataka mikoba kama huu kwa ajili ya walimu wa Tanzania, na jina lake litakuwa Mwalimu, lichapwe ndani ya mfuniko. Ulisema mwalimu wa kwetu anabeba kazi yake kwenye mfuko wa rambo, na wewe unataka apate kitu atakachowaachia watoto wake.

Laoban, yaani bosi, ndivyo tunavyowaita hapa wote wenye karakana, hakukimbilia bei. Aliunusa mkoba. Alikata uzi mwembamba wa ngozi kutoka pindo la ndani, akauchoma kwa kiberiti cha gesi, akatupa tunuse. Ukinuka nywele, akasema, ni ngozi. Ukinuka mfuko, ni plastiki. Kisha akatueleza desturi yake na wateja wa mbali. Sampuli hukatwa nusu mbili. Nusu yake, nusu yetu, zote zinatiwa sahihi ndani. Kila mzigo unapokamilika, mkaguzi wetu anakuja na nusu yetu, tunauweka mkoba mpya katikati, tunalinganisha. Tena ukikatwa ndipo anaona matabaka ya ndani, ajue aushone vipi.

Hapo ulinishika mkono chini ya meza, kaka, ukaubana mpaka pete ikaniumiza. Ukauliza kama hakuna njia nyingine. Akasema bu xing, haiwezekani. Ukatikisa kichwa kukubali, na kisu kikapita katikati ya mkoba wa Baba, katikati ya lile doa la wino. Tuliporudi kwenye basi ukaniambia Mama asijue. Mpaka leo hajui. Kila akiuliza mkoba wa marehemu, tunamjibu upo, umetunzwa.

Na mzigo wa kwanza, wallahi, ulikuwa mzuri. Uliupanga chumbani kwako Xiaobei, chumba kizima kikanuka ngozi, ukalala humo humo. Mama alinisimulia siku alipomwona mwalimu mkuu wa shule ya jirani anapita barabarani na Mwalimu begani. Alimfuata hadi kona kuutazama vizuri.

Kwa hiyo naomba tukumbuke pamoja jinsi ilivyokwenda baada ya hapo, taratibu, usinikatize.

Kwenye mzigo wa pili ulisema wateja wanalalamika mkoba mzito. Ukaniambia nimwambie Laoban apunguze unene wa ngozi kidogo. Nikamwambia. Akasema bu xing. Ukanitaka nirudie kwa upole, nikarudia kwa upole, akapunguza. Mzigo wa tatu ikawa bitana. Wa nne ukasema ngozi ya juu si lazima, iwekwe ile ya chini inayobaki baada ya tabaka zuri kuchunwa, ipakwe rangi juu, nani ataichana atazame? Mzigo uliofuata mshikio ukatiwa kadibodi ndani. Wa mwisho sijui niuite ngozi au niuite nini.

Na kila mara Laoban aliuliza nusu yetu iko wapi. Ukasema ya nini kuibeba kote huko, tulinganishe na mkoba wa mzigo uliopita. Basi tukawa tunalinganisha wa tatu na wa pili, wa nne na wa tatu. Wewe unaushika huu, unaushika ule, unasema ni sawa tu. Nami nimeshajua kukisema kwa Kichina kile ulichotaka: cha bu duo, karibu sawa. Na kweli ilikuwa karibu sawa. Uliposimama na wa mwisho mkononi, ulikuwa hujaugusa wa Baba miaka miwili.

Sasa sikia jambo la kunitia aibu. Wiki ile ile ya kadibodi, mimi nilikuwa naandika insha kuhusu sarafu za Kirumi. Zilianza kwa fedha safi, fedha ile ya mkufu. Kila mfalme aliyetaka kuwaridhisha wanajeshi alichanganya shaba kidogo. Hakuna aliyeitoa fedha yote siku moja. Kila mmoja aliilinganisha sarafu yake na ya aliyemtangulia, akaona hakuna neno. Ikafika wakati ni shaba tupu iliyopakwa fedha juu, na ukiisugua wekundu unatoka. Wakulima wakaikataa. Wanajeshi wakaanza kutaka nafaka na nguo. Mimi nikaandika yote hayo kwa mwandiko mzuri, nikapata alama ya juu, na Jumamosi nikapanda basi la Shiling kwenda kusema cha bu duo.

Nilikuambia mara moja tu, nakiri ilikuwa mara moja. Tulikuwa pale pale mgahawani, unakula pilau ya mbuzi. Nikakusimulia habari za sarafu, nikidhani utaelewa bila kutajiwa. Ukajifuta mdomo, ukasema Warumi hawakuwa na wateja wa Kariakoo. Watu wa meza ya pili wakacheka, nami nikacheka. Hapo nilipaswa kukwambia, kaka, nazungumza juu yako. Sikusema, kwa sababu ulikuwa mkubwa wangu, na kwa sababu chakula kile ulikuwa unakilipia wewe.

Masika ikafanya kazi yake. Rangi ikabanduka mabegani mwa walimu, mishikio ikakatika njiani, madaftari ya watoto yakaanguka kwenye matope. Wakairudisha mikoba kwenye kibanda chetu cha biashara huko Tanga mmoja mmoja, wengine bila hata kugomba, wakaiacha juu ya meza na kuondoka. Mama aliniambia yule mwalimu mkuu sasa anapita barabara ya nyuma ili asikutane naye. Hilo lilimuuma Mama kuliko yote.

Mwaka ule Beijing ilikuwa inajiandaa kwa Olimpiki, viza zimebana, kila mtu Dengfeng roho juu. Kikaitishwa kikao cha wafanyabiashara wetu ghorofani kwenye mgahawa. Ukasimama na mkoba uliobanduka, ukawaambia watu Laoban Liang ametuchezea. Alipokea oda ya ngozi akatuletea takataka. Mchina ni yule yule, ulisema, ukimpa mgongo anakutia kisu. Chumba kikaguna. Mwenyekiti, mtu wa haki, akasema tusimhukumu mtu asiyekuwepo. Ukanyoosha mkono kunionyesha mimi: mkalimani huyu hapa, muulizeni.

Mwenyekiti akanigeukia. "Dada, ndivyo ilivyokuwa?"

Ningeweza kusema hapana. Neno fupi, nalijua kwa lugha nne. Nilitazama sahani yangu, nikasema, "Kaka ameshasema."

Basi ikaisha hivyo. Tangu siku ile hakuna Mwafrika wa Mashariki aliyempelekea Laoban kazi. Wakongo wakasikia, nao wakaacha. Wewe ukafunga chumba, ukarudi Tanga na jibu lako la darasa la tano mfukoni: maadui walituvamia.

Profesa wangu hapa, mzee asiyeachana na chupa yake ya chai, ana swali lake kama Baba. Anasema dola ya Wachina ilivunjika mara nyingi, ikaungana tena. Roma ya magharibi ilivunjika mara moja ikabaki vipande. Kwa nini ile haikurudi? Nilimpa sababu za vitabuni, milima, bahari, lugha nyingi. Akanywa chai. Akasema huku hata ufalme ulipokuwa majivu, mtu fulani mahali fulani alikuwa anatunza maandishi ya mwanzo, na aliyetaka kujenga tena alijua pa kuanzia. Sijui kama ni kweli kwa Wachina wote. Wenzangu darasani walimbishia sana. Lakini yale makabila yako ya kaskazini, kaka, niliyasoma vizuri. Yaliuvuka mto kwa ruhusa, yakiomba hifadhi, na maofisa wa Kirumi wakayauzia chakula kibovu kwa bei iliyoyafanya yawauze watoto wao. Ndipo yakashika silaha. Tulipokuwa mezani hatukuwahi kuisema sehemu hiyo.

Wiki iliyopita nilikwenda Shiling peke yangu. Vyerehani vimebaki vitatu. Mkewe hakunitazama. Laoban Liang alinipa kiti, akanipa maji ya moto, nami nikaanza kuomba radhi kwa niaba yako. Nikasema kaka yangu alikosea, kaka yangu alikuwa na shida. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka yako simjui," akasema. "Kila mara aliyeniambia nipunguze ilikuwa sauti yako."

Miaka yote nilijihesabu kama mlango tu, maneno yanapita, mlango hauna dhambi. Na mtu yule alikuwa akisikia mwanamke mmoja, kwa Kichina safi, mzigo baada ya mzigo, akimwomba kwa upole aharibu kazi yake. Kisha Laoban akaingia ndani, akarudi na mfuko mwekundu. Nusu yake ya mkoba wa Baba. Ameipaka mafuta, kaka. Ameifungia bizimu kwa karatasi isipate kutu.

Nilipofika chumbani nikatoa nusu yetu chini ya kitanda, ilikuwa imekunjamana na ukungu pembeni. Nikaziweka pamoja kwenye godoro. Doa la wino likakutana. Nililia nikiwa nimesimama, nikiwa na viatu miguuni.

Sasa nifike penye moto. Mama ameniambia juzi kwamba amezungumza na shehe. Ijumaa hii, baada ya swala, watakusanyika nyumbani kumsomea Albadiri yule Mchina aliyemdhulumu mwanawe. Ameshanunua ubani. Aliniuliza jina la Liang linaandikwaje, na mimi, hodari wa lugha, nikajifanya simu imekatika. Unaijua Albadiri kama ninavyoijua. Tulikuzwa nayo. Haiangalii kabila wala pasi ya kusafiria. Inamtafuta mwenye kosa popote alipo, hata kama amekaa sebuleni kwa msomaji. Mama yetu ataketi na tasbihi yake amwombe Mungu ampate aliyefanya, na hajui anawaombea wanawe. Naogopa. Nasema wazi kwamba naogopa. Na hata mtu asiyeamini Albadiri, aniambie mwenyewe: ni vema mzee wa watu asimame mbele ya Mola wake ataje jina la mtu asiye na kosa, kwa sababu watoto wake walinyamaza?

Kwa hiyo nimefanya hivi, na usije ukasema sikukuonya. Barua hii Bi Rehema atakupa Jumatano. Mfuko mwekundu, wenye nusu zote mbili, atampelekea Mama mkononi siku ya Alhamisi baada ya alasiri. Mama ataufungua. Ataona kisu kilipita wapi, ataona sahihi yako ndani, ataona na yangu kama shahidi, na atauliza. Una usiku mmoja wa kuwa wa kwanza kumwambia. Sikuombi uniokoe mimi; yangu nitayasema mwenyewe, nitampigia Alhamisi jioni, na hapa Dengfeng nitasimama chini ya barua hii mpaka mwenyekiti aisome yote. Jumamosi nitakwenda Shiling na yeyote atakayekubali kufuatana nami. Anayetaka mkoba mzuri, huyo mtu anajua kuushona.

Nakukumbuka, kaka. Namkumbuka yule aliyenibana mkono chini ya meza kwa kuuhurumia mkoba. Ndiye ninayemwandikia, huyu anayetoka uani simu ikilia simfahamu vizuri.

Na Baba angetuuliza leo, wali ukiwa sahanini, ningemwambia: Roma ilianguka kwa siku nyingi, Baba, na kila siku alikuwepo mtu aliyeona, akaendelea na kazi aliyotumwa. Mimi nilikuwepo. Sidhani angenipa kumi. Lakini nadhani asingetuambia tuendelee kula.

Nisalimie wanao, na umwendee Mama mapema.

Mdogo wako,
niliyekuwa ulimi wako.